Vikwazo vya Kufuata Maagizo ya Kinga Wakati wa Janga

Mtu akiambiwa anawe mikono asinawe, avae barakoa asivae, akae nyumbani akatoka, jina la kumpa huwa liko karibu: mkaidi. Mwaka 2020, miezi ya mwanzo ya korona, jina hilo lilitolewa redioni, kwenye mimbari na katika hotuba za wakubwa, na likishatolewa mjadala uliishia hapo. Wataalamu wa afya ya jamii hawaridhiki nalo. Swali lao ni jingine: agizo hili linamgharimu nini anayetakiwa kulifuata? Chochote kinachomzuia mtu asiifikie kinga ambayo tayari anaijua, kiwe uhaba wa maji, umaskini, hofu, aibu, uvumi, au amri nyingine inayomvuta upande wa pili, wao hukiita kikwazo. Makala haya yanavieleza vikwazo hivyo kwa kutazama zaidi Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo, ambako maagizo ya kinga yalitolewa kwa Kiswahili na mara nyingi yakakwama kwa Kiswahili.

Swali lilikoanzia

Uchunguzi wa jambo hili una umri wa miaka 70 hivi. Katika miaka ya 1950 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilikuwa ikipeleka vipimo vya kifua kikuu mitaani. Mashine za eksirei zilipakiwa kwenye magari, zikasogezwa karibu na makazi ya watu, na kipimo kilikuwa bure. Wengi hawakwenda. Wanasaikolojia wa idara hiyo, wakiwemo Godfrey Hochbaum na Irwin Rosenstock, wakataka kujua kwa nini kitu cha bure kilicholetwa hadi mlangoni kikataliwe. Kazi yao ikazaa kielelezo cha imani za afya, ambacho kinatumika hadi leo. Kinasema kwamba kabla ya kuchukua hatua mtu hupima mambo manne: kama ugonjwa unaweza kumpata yeye mwenyewe, kama ukimpata utamdhuru kiasi gani, kama hatua anayoambiwa itamfaa, na itamgharimu nini. Mwaka 1984 Nancy Janz na Marshall Becker walipitia tafiti 46 zilizotumia kielelezo hicho. Waliona kwamba katika hayo manne, lile la mwisho ndilo lililoeleza matendo ya watu kuliko mengine yote.

Kielelezo hicho kina upungufu wake. Kinamtazama mtu mmoja anayepima mambo kichwani, kana kwamba uamuzi wote uko mikononi mwake. Mwaka 2011 Susan Michie na wenzake, watafiti wa London, walitoa mpangilio mpana zaidi: ili tendo litokee, mtu lazima awe na uwezo, awe na fursa na awe na hamu. Katika matatu hayo, fursa ndiyo inayosahauliwa na waandishi wa matangazo. Anayejua faida ya kunawa na anayetaka kunawa, kama hana bomba wala sabuni, mikono yake itabaki ilivyo. Kwa nchi zetu naona hapo ndipo pa kuanzia.

Mtungi mmoja wa maji

Janga lilipoingia, makadirio ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalikuwa kwamba watu wawili katika kila watano duniani, kama bilioni 3, hawakuwa na mahali pa kunawia nyumbani penye maji na sabuni. Takwimu kubwa kama hiyo haionyeshi kinachotokea ndani ya nyumba, kwa hiyo tuchukue nyumba moja tuifanyie hesabu.

Baba, mama na watoto watatu wanaishi katika chumba cha futi 10 kwa 10 huko Mathare, Nairobi. Maji wananunua kwa mtungi wa lita 20. Kunawa kwa sekunde 20 kama ilivyoagizwa, mmoja akimmiminia mwenzake kwa kikombe, hata wakibana namna gani, tuseme ni nusu lita. Kila mmoja akinawa mara nane kwa siku, kwa watu watano ni mara 40, na mara 40 kwa nusu lita ni lita 20. Mtungi umekwisha, na hakuna aliyekunywa, aliyepika, aliyeoga wala aliyefua. Mama akipunguza mara nane zikawa mbili ameamua kwamba watoto wale. Hakuna tangazo la redio litakalombadilisha, kwa sababu hesabu yake ni sahihi.

Ndiyo maana kifaa kilichosaidia sana vijijini kilikuwa kile kidogo kuliko vyote, kibuyu chirizi. Ni dumu la lita 3 au 5 lililoning'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili. Ubavuni karibu na mdomo wake kuna tundu lililotobolewa kwa msumari wa moto. Kamba imefungwa mdomoni mwa dumu, ikashuka hadi kwenye kijiti kilicho chini. Ukikikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika kama uzi. Kipande cha sabuni kimetobolewa katikati na kutundikwa kwa kamba yake. Mikono haigusi kitu isipokuwa maji na sabuni, na maji yanayotumika ni machache mno. Shule nyingi za msingi zilikuwa zikivitumia tangu kabla ya korona kwa ajili ya kipindupindu na magonjwa ya kuhara. Dumu la kibuyu chirizi huhitaji mtu wa kulijaza kila asubuhi, na hapo ndipo vingi vilipokufa: mwenye jukumu hakutajwa.

Baada ya maji ni chumba. Nyumba ya Kiswahili ya Manzese au Tandale, Dar es Salaam, ina korido katikati na vyumba huku na huku, vitatu au vinne kila upande. Kila chumba kina mpangaji wake, mara nyingi na familia. Uani kuna choo kimoja, bafu moja, kamba za kuanikia, na majiko ya mkaa yaliyopangwa ukutani. Asubuhi watu huonana kwenye foleni ya choo kabla hawajaonana na mtu yeyote wa barabarani. Kumwambia mkazi wa nyumba hiyo akae nyumbani ili asikutane na watu ni kumwambia akutane na walewale kwa saa 24. Kenya ilipoanza mpango wa kuwauguza nyumbani wagonjwa wasio mahututi, Juni 2020, mgonjwa alitakiwa awe na chumba chake peke yake. Kwa wenye chumba kimoja agizo hilo lilikuwa limeshindikana kabla halijasomwa.

Kisha kuna mlo. Takwimu za serikali ya Kenya zinaonyesha kwamba zaidi ya ajira 8 katika kila 10, ukiacha wakulima wadogo, ziko katika sekta isiyo rasmi. Mama mboga, kinyozi, utingo wa matatu, fundi wa mjengo, dobi anayebisha hodi mtaani akitafuta nguo za kufua: hawa wote hupata leo na kula leo. Likizo ya ugonjwa hawana, na akiba waliyo nayo ni ya siku mbili tatu. Tarehe 10 Aprili 2020 watu walikanyagana huko Kibra wakigombea chakula cha msaada. Mita moja ya umbali ilikuwa inajulikana na kila aliyekuwa pale. Njaa iliwasogeza.

Amri mbili zinapogongana

Kikwazo ambacho hakizungumzwi vya kutosha ni kile kinachotengenezwa na agizo lenyewe. Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu ni wa kivuko cha Likoni.

Kivuko hicho kinaunganisha kisiwa cha Mombasa na pwani ya kusini. Wakati ule daraja la waenda kwa miguu la Liwatoni lilikuwa bado, na zaidi ya watu laki 3 walivuka kila siku kwa feri: makuli, wachuuzi, mafundi, wahudumu wa hoteli, wanafunzi. Wengi hulala Likoni na kufanya kazi kisiwani. Jioni wote hurudi kwa njia hiyo moja. Machi 2020 wakaambiwa wapange foleni kwa kuachiana nafasi, na feri zisijae kama zamani. Hilo lilikuwa agizo la kwanza, na kwa upande wa kinga lilikuwa na maana. Matokeo yake ni kwamba safari za kuwavusha watu walewale zikawa nyingi zaidi na foleni ikawa ndefu.

Halafu likaja la pili. Kafyu ingeanza Ijumaa tarehe 27 Machi, saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Mwajiri hakuambiwa awaachie watu saa 8, kwa hiyo waliotoka kazini jioni walifika kivukoni wakiwa na saa chache tu za kumaliza foleni ambayo agizo la kwanza lilikuwa limeirefusha. Wakasongamana. Polisi wakafyatua mabomu ya machozi na kuwachapa watu kwa virungu, kabla hata saa ya kafyu haijafika. Picha za siku ile zinaonyesha watu waliolazwa chini wamebanana, wengine wakikohoa na kufikicha macho kwa mikono, yaani kila jambo ambalo wiki mbili nzima walikuwa wakikatazwa. Ukimuuliza mtu aliyekuwa katika foleni ile ni agizo lipi alivunja, hana jibu: akiachia nafasi atakutwa na kafyu, akiwahi kafyu atabanana.

Siku chache baadaye, huko Kiamaiko, Nairobi, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi na kufa akiwa kwenye roshani ya nyumbani kwao wakati polisi wakisimamia kafyu. Alikuwa nyumbani, mahali alipoagizwa awe.

Adhabu nyingine zilikuwa na athari isiyo ya damu lakini ya kudumu. Kutovaa barakoa hadharani kulikuwa na faini ya hadi shilingi 20,000 za Kenya au kifungo cha miezi sita, kwa watu ambao kipato chao cha mwezi wengi hakifiki hapo. Barakoa ikageuka kitambulisho cha kumwonyesha askari. Ilikaa kidevuni au mfukoni, ikapandishwa gari la polisi likionekana, ikateremshwa likipita. Waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walipelekwa karantini siku 14, na waliowekwa karantini wakatakiwa kujilipia malazi na chakula. Mtu anayejua kwamba kipimo kinaweza kumtia gerezani kwa gharama zake mwenyewe atakwepa kipimo, na hakuna haja ya kumtafutia sababu ya kisaikolojia. Aprili 2020 watu kadhaa walionekana wakiruka ukuta wa kituo kimoja cha karantini jijini Nairobi. Mwezi uliofuata serikali ikasema itabeba gharama katika vituo vyake. Ilikuwa hatua njema, ila kufikia hapo neno karantini lilikuwa limeshaharibika.

Kuaminiana

Vikwazo vya maji, chumba na amri vinaonekana kwa macho. Cha kuaminiana hakionekani, na ndicho kinachochukua muda mrefu kuliko vyote kukiondoa.

Mkoa wa Kivu Kaskazini nchini Kongo ulipata mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Ulikuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287, wa pili kwa ukubwa katika historia ya ugonjwa huo. Ebola ile haikufika kuwa janga la dunia, lakini hakuna mahali pazuri zaidi pa kujifunza kikwazo hiki. Septemba 2018 mtafiti Patrick Vinck na wenzake waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Robo yao hawakuamini kwamba Ebola ipo. Walioamini kwamba viongozi wa pale wanatetea maslahi ya wananchi walikuwa asilimia 31.9 tu. Walio na imani ndogo kwa viongozi ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo na kutafuta matibabu rasmi.

Kabla ya kuwahukumu, tazama walichokuwa wamekiona. Tangu 2014 raia wa vijiji vya kuzunguka Beni walikuwa wakichinjwa usiku na makundi yenye silaha, na msaada ulikuwa haba. Ebola ilipotangazwa, magari mapya, madaktari na fedha vikamiminika. Watu wakauliza kwa nini kifo hiki kimewaleta wageni wote hawa na kile hakikuleta mtu. Kisha, tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi ikatangaza kwamba Beni na Butembo watapiga kura Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais mpya aliapishwa Januari. Kwa hiyo kura yao ilikuja wakati mshindi ameshakaa kitini, na miji hiyo ilijulikana kuwa ngome ya upinzani. Siku iliyofuata tangazo lile la tume, waandamanaji wakavamia kituo cha Ebola mjini Beni.

Lakini kuna jambo la tarehe 30 Desemba ambalo linapaswa kukumbukwa zaidi kuliko uvamizi ule. Wananchi wa Beni walijiandalia uchaguzi wao wa mfano, wakapanga mistari, na kabla ya kutia kura wakanawa mikono. Watu walioitwa wakaidi wa Ebola walifuata kinga ya Ebola pale jambo lilipokuwa lao.

Tanzania ilikuwa na mkasa wake. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, shule zikafungwa, ndoo za kunawia zikawekwa kwenye milango ya maduka na stendi za mabasi. Mapema Mei, Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zimerudi na majibu ya kuwa na virusi. Mwezi huohuo takwimu rasmi zikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikuendelea kwa zaidi ya mwaka. Januari 2021 Magufuli alitilia shaka chanjo. Tarehe 28 Julai 2021, mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, alichanjwa mbele ya kamera kuzindua kampeni ya chanjo, baada ya dozi zaidi ya milioni 1 kuwasili kutoka Marekani.

Ni serikali moja, chama kimoja, wizara ileile. Mwananchi aliyeambiwa mwaka mmoja kwamba kipimo hakiaminiki, na mwaka uliofuata kwamba ajitokeze achanjwe, alikuwa na haki ya kuuliza ni lini alidanganywa. Wahudumu wa zahanati ndio waliobeba swali hilo, na wengi wao walikuwa hawajapewa jibu la kuwapa watu.

Uvumi huingia katika nafasi kama hiyo, na mara nyingi huwa na mbegu ya kweli ndani yake. Aprili 2020 madaktari wawili wa Ufaransa walizungumza kwenye televisheni juu ya kujaribia chanjo ya kifua kikuu barani Afrika dhidi ya korona. Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alilaani matamshi hayo kuwa ya kibaguzi, lakini video ilikuwa imeshasambaa kwenye simu. Nchini Kenya mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa wanawake ilichanganywa na kitu cha kuzuia uzazi, na serikali ikakanusha. Aliyesikia 2021 kwamba chanjo ya korona inaua uzazi alikuwa anasikia habari iliyokwisha kupita kanisani kwake. Kumcheka hakusaidii. Anahitaji mtu anayemjua, akae naye, amjibu mpaka maswali yaishe.

Maneno na heshima

Maagizo ya kinga yaliandikwa kwanza kwa lugha nyingine, kisha yakatafsiriwa kwa haraka. Neno lililoumia zaidi ni kujitenga. Katika Kiswahili cha kila siku kujitenga ni tabia mbaya. Aliyejitenga na watu ana kiburi, au ana kinyongo, au anaficha jambo, na majirani wema humwendea kumuuliza amekosewa nini. Mgonjwa aliyetangaziwa ajitenge aliagizwa afanye kitu ambacho amelelewa akikionea aibu. Karantini nayo, kwa wafugaji, lilikuwa neno la ng'ombe: soko la mnada limefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Neno barakoa lilikubalika haraka, nadhani kwa sababu lilitaja kitu kinachoshikika.

Na kulikuwa na maneno ya kuficha. Mwanzoni mwa 2021 nchini Tanzania matangazo ya misiba yalijaa maneno changamoto ya kupumua. Wakati huo Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alikuwa amelazwa, na chama chake kilisema wazi kwamba ana korona. Alifariki tarehe 17 Februari 2021. Uwazi ule ulikuwa ni huduma ya mwisho kwa umma. Ugonjwa usiotajwa jina hauna kinga ya kutajwa pia. Huwezi kumwambia mtu avae barakoa kwa ajili ya changamoto.

Heshima yetu iko mwilini. Pwani mtoto humbusu mkono mkubwa wake anapoamkia. Msibani unatoa mkono wa pole, unakaa mkekani bega kwa bega, unapokea jeneza begani na kulipitisha kwa mwenzako, na kila mmoja hulikimbilia kwa ajili ya thawabu. Msikitini imamu huwahimiza watu wakaze safu, wasiache nafasi. Kuosha maiti ni haki ya marehemu ambayo jamaa humfanyia. Kenya ilipofunga nyumba za ibada Machi 2020 na kupunguza waombolezaji hadi jamaa 15, ilikuwa inagusa mambo ambayo watu wanayaona ni deni kwa Mungu na kwa wafu wao. Julai zilifunguliwa kwa masharti: waumini wasizidi 100, kwa saa moja, walio chini ya miaka 13 na wazee wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Wazee, ambao kwao sala ya jamaa au misa ndiyo siku yenyewe, waliambiwa ni kwa usalama wao. Ilikuwa kweli, na iliwauma.

Kinga haikudai ukatili. Aprili 2020, katika kaunti ya Siaya, marehemu alizikwa usiku wa manane na watu waliovaa mavazi ya kujikinga, bila ibada na bila mila, na picha zikazagaa nchi nzima. Kwa aliyeziona, kusema una homa kulikuwa ni kukubali kuzikwa hivyo.

Kuchoka, na mfano wa wakubwa

Hili nitalipita upesi kwa sababu linajulikana. Hofu haikai muda mrefu. Mtu akiishi na hatari miezi sita bila kumwona aliyekufa, huizoea. Uganda ilifunga shule Machi 2020 na kuzifungua zote Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani, na wazazi waliokubaliana na serikali mwezi wa tatu walikuwa wamechoka kabisa mwezi wa ishirini. Uchovu huo huongezeka haraka viongozi wakionekana hawajali. Mwishoni mwa 2020 wanasiasa wa Kenya walijaza viwanja vya mikutano wakati wananchi bado wako chini ya kafyu. Nchini Uingereza nako, waziri mkuu wa wakati huo, Boris Johnson, alitozwa faini mwaka 2022 kwa kuhudhuria mkusanyiko ofisini kwake wakati watu wake walikuwa hawaruhusiwi kukutana. Baada ya hapo mhudumu wa afya wa kijiji hana la kusema.

Yaliyofaa

Kwa kuwa vikwazo ni vitu halisi, vinaweza kuondolewa, na ushahidi upo. Kati ya Novemba 2020 na Aprili 2021 watafiti walifanya jaribio katika vijiji 600 vya Bangladesh, vikiwa na watu wazima wapatao 342,000. Katika nusu ya vijiji barakoa ziligawiwa bure nyumbani, wahamasishaji wakakaa sokoni na misikitini wakiwakumbusha watu kwa adabu, na viongozi wa dini na wa vijiji wakazivaa. Uvaaji ulitoka asilimia 13 hadi 42. Ujumbe wa simu na zawadi havikuongeza kitu. Kilichofanya kazi ni barakoa kuwa mkononi, na mtu wa kukukumbusha aliyesimama mbele yako.

Huko Beni, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya kutibia vyenye kuta za plastiki angavu. Jamaa alisimama nje akamwona mgonjwa wake, akazungumza naye, akaona anachofanyiwa. Kabla ya hapo aliyeingia katika kituo cha Ebola alipotelea nyuma ya turubai, na habari za viungo kukatwa zilisambaa kwa urahisi. Vikosi vya mazishi vilivyowaruhusu jamaa kushuhudia, kuomba dua na kutia udongo vilipata ushirikiano ambao vile vya awali havikuupata. Tanzania nayo ilipoacha kungoja watu hospitalini na kuwatuma wahudumu nyumba kwa nyumba, sokoni na mashambani, idadi ya waliochanjwa mwaka 2022 ilipanda kwa kiwango ambacho matangazo ya mwaka uliotangulia hayakukaribia.

Wanaoandika maagizo ya kinga nawaomba jambo moja dogo. Kabla ya kulitangaza agizo, mtu wa wizara aende Mathare au Tandale na ndoo, saa yake na nauli ya kawaida ya mkazi wa pale, akalifuate kwa siku saba.

Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza ugonjwa wa mpox kuwa dharura ya kimataifa. Aina mpya ya kirusi chake iligunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, ikaenea hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Agizo lilikuwa kwamba mwenye vipele asigusane ngozi na wengine, alale peke yake na asishiriki shuka. Katika kambi za wakimbizi wa vita zilizozunguka Goma, familia nzima ilikuwa inalala ndani ya hema moja.